Nikibanwa na beki mpira unanitoka, nifanyeje?

namba6_busia

Salamu kwenu wakubwa. Mi nacheza kiungo, namba sita, kwa timu ya mtaa hapa Busia upande wetu wa Uganda, nina miaka 19. Niko na swali moja na naomba mnijibu kama mdogo wenu maana nimelibeba muda sasa.

Nikiwa peke yangu na mpira niko sawa kabisa. Danadana napiga mpaka nichoke mwenyewe, koni nazipita kwa kulia na kwa kushoto, ukutani nauchapa unarudi nauweka chini bila shida. Sasa ngoja mechi ianze na mtu anijie kwa kasi, hapo mpira haukai. Ama unanidunda unaenda mbali na mguu, ama nauweka vizuri lakini nikiinua kichwa mtu ashafika. Mechi yetu na vijana wa Tororo ndio imenifanya niandike hapa. Beki wetu wa kati alinipa pasi nikiwa naangalia goli letu, nikaukanyaga ili nigeuke, kiungo wao akatokea nyuma kushoto akauchomoa, pasi moja tu, goli. Kutoka hapo kila nikipewa mpira naupiga mbele bila kuangalia na hiyo si kazi ya namba sita.

Kocha na wenzangu wananipigia kelele "tulia na mpira! tulia!" Sawa, nitulie, lakini nitulie vipi? Mtu aliyetulia anafanya nini na miguu, na macho, na mikono? Hapo ndio nataka mnisaidie. Tafadhali msinitumie video za koni, hizo nimemaliza.

mwalimu_wa_uwanja

Mdogo wangu umeuliza vizuri sana. Mi nafundisha vijana hapa Mbale na karibu kila mtoto mwenye kipaji anayekuja kwangu anakuja na shida hii hii, mguu anao ila habari hana. Hana habari ya nini kiko nyuma yake. Ule mpira wa Tororo haukupotea pale ulipoukanyaga, ulishapotea sekunde mbili kabla, wakati beki wako anajiandaa kukupa na wewe macho yote yako kwenye mpira.

Ukipata nafasi mtazame kiungo Khalid Aucho. Mtoto wa Jinja, amepita Gor Mahia, Yanga alikwenda 2021, na timu ya taifa, Cranes, tumemwona miaka na miaka. Sasa usifuate mpira, mfuate yeye peke yake kwa dakika kumi. Shingo haipumziki, bega la kushoto, mpira, bega la kulia, mpira tena. Si mtu wa mbio nyingi, lakini akipokea ashajua mtu yuko wapi na mlango uko wapi, ndio maana unamwona ana nafasi ambayo wengine hawana. Kuna profesa wa Norway anaitwa Geir Jordet, amechunguza jambo hili kwa miaka mingi akitumia video za wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza, na alichokuta ni kwamba wale wanaoangalia pembeni na nyuma mara nyingi kabla ya kupokea, pasi zao zinafika zaidi, hasa za kwenda mbele. Kwenye hesabu zake Frank Lampard na Steven Gerrard walikuwa juu kabisa.

Swali la watu wengi ni kuangalia saa ngapi, maana ukigeuza shingo wakati mpira uko hatua moja kwako utaukosa. Angalia wakati mpira unasafiri kutoka kwa mwenzako mmoja kwenda kwa mwingine. Hapo katikati hakuna mtu anaweza kubadilisha kitu mpaka ufike, huo muda ni wako bure. Alafu angalia tena pale mwenye mpira anapoutengeneza kabla ya kukupa, na kama pasi ni ndefu iba jicho moja ukiwa njiani. Basi. Ukifika mguuni macho yako kwenye mpira na akili yako ina picha.

Na mwili. Namba sita wengi wanasimama kifua chote kwa goli lao, mgongo wote kwa adui. Simama upande upande, bega moja kwa mwenye mpira na jingine kwa goli la adui, ili uone pande mbili bila kuhangaika. Kama nyuma hakuna mtu wa karibu acha mpira upite mbele yako uupokee na mguu wa mbali, umeshageuka kabla hujaugusa. Kama mtu yuko karibu basi kanuni inabaki moja, mguu ulio mbali na yeye ndio unaupokea, na mguso wa kwanza unaenda kule ambako yeye hayuko. Mguso wa kwanza usiwe wa kuusimamisha mpira, uwe wa kuuhamisha.

Zoezi la kuanzia halihitaji hela. Simama hatua sita hivi kutoka ukutani, mwenzako asimame nyuma yako. Piga ukutani, mpira ukiwa unaenda geuza shingo, yeye ameinua vidole, taja namba kwa sauti, rudisha macho, pokea. Ukizoea aache vidole, sasa achague upande wa kukujia, kushoto ama kulia, na wewe mguso wako uende upande wa pili. Hapo ndio utaona tofauti na koni, koni haikujii.

beki_mkongwe

Mwalimu amesema ukweli, ngoja mi niongeze kutoka upande wa pili maana nimecheza beki wa kati miaka mingi hapa Kampala, viwanja vyote unavyovijua nimevikanyaga, na viungo wengi hawajui sisi tunaangalia nini tukiwa nyuma yao.

Beki mzuri hakimbii tu ovyo kukufuata, anasubiri umpe ruhusa, na ruhusa unampa mwenyewe bila kujua. Kichwa chako kikienda chini naondoka, najua kwa sekunde nzima hunioni. Mpira ukikudunda kwenye mguu naondoka. Pasi ikija polepole nimeshaondoka kabla haijakufikia. Ukipokea na ule mguu wako mbovu naondoka. Na mtu akiukanyaga mpira ukasimama kabisa huku mgongo wote uko kwangu, ssebo, hiyo ni zawadi, mpira uliosimama najua utakuwa wapi nikifika, mpira unaotembea sijui.

Sasa nikwambie kilichokuwa kinanisumbua mimi. Ni kiungo anayenigusa kwanza. Mpira bado uko njiani, yeye anarudi nusu hatua, mkono wake unanigusa hapa kifuani, hanisukumi, ananigusa tu, na hapo ashajua niko wapi na niko uzito gani, siri yangu imekwisha. Alafu anakunja magoti, makalio yanashuka, anapanua miguu, na mpira anauweka upande wa pili wa mwili wake wote. Nikitaka kuupata lazima nimzunguke, na nikianza tu kuzunguka anasikia kwa ule mkono, anageukia upande niliouacha. Huyo mtu anaweza kuwa mdogo wa mwili na bado akanimaliza siku nzima.

Kitu cha pili, beki anayekujia mbio usimwogope, huyo ni rahisi kuliko aliyesimama. Mtu wa mbio hawezi kusimama hapo hapo. Mguso wako wa kwanza uvuke njia yake alafu na wewe mwenyewe vuka, ingiza mwili mbele ya mbio zake. Akiendelea anakugonga mgongoni refa anapuliza, akijizuia ushaenda. Vijana wengi wanasogeza mpira alafu wao wanabaki pale pale, mpira umetoka njiani lakini mwili haujaingia njiani, beki anawapita kama hawapo.

Beki mgumu ni yule anayefika alafu anapunguza mwendo, anasimama umbali wa mkono, magoti yamekunjwa, mguu hatoi. Huyo usimpe mpira, mpe bega. Toa bega upande mmoja kama unaenda, angalia uzito wake unahamia mguu gani, alafu mpira upitishe karibu na mguu huo huo uliobeba uzito, hawezi kuunyanyua kwa haraka. Ile geuka ya Johan Cruyff ya Kombe la Dunia 1974 dhidi ya Sweden watu wanaikumbuka kwa vile alivyouvuta mpira nyuma ya mguu wake, lakini kazi ilishaisha kabla ya hapo, pale alipoinua mguu kama anapiga krosi na beki Jan Olsson akaamini.

chuma_kifua

Mi naona mnazunguka mbali. Nimesoma yote na ni mazuri lakini mpira wetu wa huku ni wa nguvu jamani. Kijana wa miaka 19 akiwa mwepesi hata aangalie mabega yote mawili atasukumwa tu aanguke na refa wa mtaani hapulizi. Aingie jimu, anyanyue vyuma, apige pushapu, ale posho, yaani ugali, na maharage, aongeze kilo. Kontroli chini ya presha ni mwili kwanza. Ndivyo ninavyoamini na nimeona vijana wengi wazuri wakipotea kwa sababu hiyo.

dada_winga_lira

Kaka chuma, mwili unasaidia sitakataa, lakini si huo wa kifuani. Mi ni mwepesi kuliko karibu kila beki ninayekutana naye na mpira siachii kirahisi, na sijawahi kushinda mtu kwa kifua. Nguvu inayotakiwa iko kwenye mapaja, makalio na kiuno. Ukisimama wima na miguu imekaribiana hata mtoto atakuhamisha. Ukishuka, miguu ikapana kuliko mabega, huyo wa kilo themanini anagonga kitu ambacho hakiendi.

Zoezi letu ni hili. Simama kwa mguu mmoja, mwenzako anakurushia mpira kwa mkono, unaurudisha kwa mguu wa juu, na mwingine yuko pembeni anakusukuma bega kidogo kidogo bila kukwambia lini. Mwanzoni utaanguka sana. Baadae mwili unajifunza kupokea msukumo na mpira kwa wakati mmoja, na kwenye mechi hivyo ndivyo vinavyokuja, pamoja. Ukitaka jimu fanya za miguu, skwati na zile za kupiga hatua kubwa ukishuka goti.

Kuhusu mikono, namba6 uliuliza. Mkono uwe umetoka kidogo pembeni, kiwiko kimekunjwa, unamsikia mtu lakini humshiki na humsukumi. Sheria namba 12 inakuruhusu kujiweka kati ya adui na mpira ilimradi mpira uko umbali ambao unaweza kuucheza na humzuii kwa kumshika ama kumsukuma kwa mikono na mwili. Mpira ukishakutoka ukaenda mbali na wewe bado unamkinga tu mtu asipite, hiyo ni faulo yako. Na ujue pia mpira ukiwa karibu nawe, yeye anaruhusiwa kukugonga bega kwa bega kwa haki, kwa hiyo usilie kwa refa, jiandae. Ndio maana nakubaliana na mzee beki, mguse kabla. Mimi huwa namgonga kidogo mimi kwanza, mpira ukiwa njiani, alafu natoka hatua moja kuufuata. Ile hatua moja ndio nafasi yangu yote na inatosha.

Kitu cha mwisho ambacho hamjasema bado. Si kila mpira ni wa kushika. Ule wa Tororo, unaangalia goli lako, hujui nyuma kuna nini, mpe beki mwenyewe kwa mguso mmoja ama mpe fulbeki, alafu usisimame, sogea hatua nne tano pembeni uombe tena, safari hii umeangalia mbele. Yule aliyekuwa anakujia ametoka nafasi yake, ameacha shimo nyuma yake. Umempita bila kumpiga chenga. Hiyo ni kazi ya namba sita kabisa, wala si uoga.

chuma_kifua

Dada hapo kwa mapaja na kiuno nimekuelewa, nakubali. Hilo la kusukumwa bega kwa mguu mmoja nitawapa vijana wetu.

namba6_busia

Asanteni sana wote, kwa kweli sikutegemea mtu ataandika yote haya. Ile ya vidole nimeianza na mdogo wangu na nimeona kitu, nikitaja namba kwa sauti mpira ukifika miguu yenyewe inajua pa kwenda, nikinyamaza naona nimeangalia lakini sikuona.

Lakini nina mambo mawili. La kwanza, kiwanja chetu ni cha murram, udongo mgumu wa changarawe, sehemu nyingine kina mashimo, mpira unakuja chini chini alafu unaruka ghafla kwenye goti. Nikigeuza shingo nikirudi mpira umebadilisha njia. La pili nimejigundua nageukia kulia tu, kila mara kulia, hata nikijua mtu yuko kulia.

mpira_ni_maisha_koboko

Hilo la murram niachieni mimi maana huku Koboko ndio maisha yetu.

Anza na mpira wenyewe, watu wanausahau. Timu nyingi za mtaa zinajaza mpira mpaka ukiupiga unalia kama ngoma, wanafikiri ndio mzima. Kwenye ardhi ngumu huo mpira hautulizwi na mtu yeyote. Sheria inasema mpira namba 5 uwe na mzunguko wa sentimita 68 mpaka 70, uzito gramu 410 mpaka 450, na upepo wa ndani kati ya 0.6 na 1.1 atmosfia. Ona huo mwanya, ni mkubwa. Kwa murram kaeni upande wa chini, mtakuwa bado ndani ya sheria. Kama hamna pampu ya kupima bonyeza kwa vidole gumba viwili, ukiingia kidogo ni sawa, ukiwa mgumu kama jiwe toeni upepo. Na refa akikubali mechi nzima inabadilika, si kwako tu.

Alafu usiusubiri mpira. Kwenye nyasi nzuri unaweza kusimama ukauacha uje. Kwa murram kila mita unayoungoja ni nafasi nyingine ya kugonga jiwe na beki naye anakaribia, kwa hiyo uendee, hatua mbili fupi mbele, uupate mapema. Ile kuangalia nyuma ifanye kabla hujaanza kuuendea, ukishaanza basi macho kwenye mpira. Mwalimu alisema kuiba jicho mpira ukiwa njiani, sawa, lakini huko kwako usiibe, kiwanja hakikuruhusu.

Mguu wenyewe uwe mlegevu. Vijana wakiona presha kifundo kinakaza, mguu unakuwa ubao, mpira ukigonga unaruka mita mbili. Inua mguu kidogo kutoka chini, nusu ya urefu wa mpira hivi, na unapougusa urudishe nyuma kidogo pamoja nao. Ukiona unakuja na kudunda, pokea pale pale unapotoka ardhini, usisubiri upande juu, ama tumia paja alafu usogeze kabla haujagusa chini. Wayo pia unafaa sana huku kwetu ila usikanyage ukaacha kama ulivyofanya, ukanyage na kuuvuta kwa mwendo huo huo, mguu ukishuka mpira unatoka pembeni.

Na kabla ya mechi tembea eneo lako la katikati. Mashimo yako wapi, upande gani umelainika kwa mvua. Ikinyesha mpira hauruki tena, unateleza na kuongeza kasi, hapo mguu uwe mlegevu zaidi na pasi za kwako zipungue nguvu. Nimewahi kucheza kwenye nyasi bandia kama zile za Lugogo kule Kampala na wenzangu wa murram walipata shida mwanzoni, mpira unatembea haraka lakini kwa ukweli, haudanganyi. Wewe uliyezoea mpira unaodanganya ukienda huko utafurahi.

Wengi wetu tulianza na ule mpira wa majani ya migomba, hauna kudunda, unakaa mguuni muda wote, tukawa tunapigana chenga saba kwa saba kwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba. Naona watoto wa sasa wanaanza na mpira mkubwa mgumu kwenye kiwanja kikubwa, wanajifunza kupiga mbali kabla ya kujifunza kushika. Inaniuma kuona hivyo. Kama una wadogo wape mpira mdogo laini na nafasi finyu.

mwalimu_wa_uwanja

Koboko amenirekebisha vizuri, kwenye murram asiibe jicho mpira ukiwa njiani, nakubali.

Kuhusu kugeukia kulia tu, hiyo si dhambi lakini mabeki wataijua ndani ya robo saa. Allan Okello tangu akiwa klabu ya KCCA kila mtu anajua kwamba mguu wake ni wa kushoto, na bado wanapata taabu naye, maana hawajui lini na hawajui kama kweli. Kwa hiyo sitaki uwe na miguu miwili sawa kesho. Nataka uwe na njia moja ya kutoka kushoto ambayo unaiamini. Moja tu. Kwa namba sita mi ningechagua hii, mpira unakuja, bega la kulia linashuka kama kawaida yako, alafu unauacha upite na kuusukuma na nje ya mguu wa kushoto. Wakishakuona umeifanya hata mara moja, ile ya kulia inarudi kuwa na nguvu.

Sasa namna ya kuongeza presha kwenye mazoezi, hapa ndipo makocha wengi tunaharakisha. Chora kisanduku, mita tano kwa kumi inatosha. Mtu mmoja nje anakupa pasi, mwingine mgongoni kwako, na wa nne upande wa pili ambaye unatakiwa umfikishie mpira. Mwanzo yule wa mgongoni ni kivuli tu, anasimama na kukugusa lakini hachukui. Ukishakuwa unatoka bila wasiwasi aruhusiwe kutumia mwili lakini si mguu. Baadae mechi kamili, achukue akiweza, na akichukua yeye ndio anampelekea yule wa nne, ili naye awe na sababu ya kutaka. Raundi ziwe fupi alafu mpumzike kweli, ukichoka utaanza kupokea ukiwa umesimama wima na utajifunza vibaya.

Na duara msiliache. Wanne nje wanapasiana, mmoja ndani anautafuta mpira, baadae wawili ndani, hatua nane kwa nane, miguso miwili. Watu wanalichukulia kama mchezo wa kupasha mwili, wanacheka wanapigana matobo. Mkilicheza kwa hasira ya mechi ndani yake mna kila kitu tulichosema hapa, kuangalia kabla, mwili kufunguka, mguso wa kwanza kumkimbia mtu, na kujua mpira gani si wa kushika.

beki_mkongwe

Kuna mtu mmoja bado hajatajwa kwenye hii habari yote, beki wako wa kati aliyekupa ile pasi. Yeye alikuwa anaangalia mbele, alimwona yule kiungo wa Tororo anakuja. Alinyamaza. Mi hilo lingetokea kwenye timu yangu ningezungumza na beki kabla ya kuzungumza na wewe.

Pasi inabeba ujumbe. Kama mtu anakuja kushoto kwako mimi nakupa kwenye mguu wa kulia, kwa nguvu, na hapo hapo nasema "mtu!" Ukisikia hivyo unajua unarudisha ama unakinga. Kama uko huru nakupa mguu wa mbali, mbele kidogo, na nasema "geuka!" Neno moja, mapema, mpira ukiwa bado mguuni kwangu, ukishafika kwako nimechelewa. Na pasi ya polepole kwa mtu mwenye adui mgongoni, hiyo ni kumuuza mwenzako. Kaa na huyo beki wako, mnunulie hata soda, mkubaliane maneno hayo mawili, na kila duara mnalocheza myatumie.

namba6_busia

Mzee wangu umenigusa. Kweli alinyamaza na mimi sikuwahi kufikiria kumuuliza, nilijua ni langu peke yangu. Tumekaa naye leo jioni hapo steji ya boda na yeye mwenyewe anasema alimwona ila alidhani nimemwona pia. Tumekubaliana "mtu" na "geuka", na anataka tuongeze "nipe" kwa ile ya kurudisha mguso mmoja aliyosema dada.

Mwalimu swali dogo la mwisho, tunacheza Jumamosi. Hilo zoezi la kisanduku na mtu mgongoni nilifanye hata Ijumaa ama litanichosha?

mwalimu_wa_uwanja

Hiyo "nipe" ni nzuri, iongezeni. Kisanduku fanya Jumanne na Jumatano kwa nguvu zote, Alhamisi kivuli tu bila kugombania. Ijumaa mna duara la dakika chache, miguso miwili, huku beki wako akiwa mmoja wa wale wanne wa nje aendelee kuita yale maneno, alafu mwende nyumbani. Na Jumamosi fikeni mapema mtembee katikati ya uwanja kama Koboko alivyosema, mkiwa na huyo beki, mkaone pasi zake zitapita wapi.